Kustaafu Tabora: njoo uishi mwezi wa kumi kwanza, afu ndo ujenge

Kila mwaka napigiwa simu na watu niliofanya nao kazi Dar, mtu kabakiza miaka miwili mitatu afike 60, anauliza Tabora kukoje, viwanja bei gani, anataka akapumzike huko. Wote nawaambia jambo moja kabla ya mengine. Usinunue kitu bado, chukua likizo yako mwezi wa kumi, njoo upange chumba Isevya au Kanyenye au Ipuli, kaa hata wiki tatu, nenda sokoni kwa miguu, lala na feni, kata umeme wa usiku mmoja uone. Wengi wanakuja kuangalia mji mwezi wa sita au wa saba, wanakuta asubuhi baridi ya kuvaa sweta, wanasema hapa ndo kwangu. Ni kweli, Tabora iko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na kipupwe chake ni raha tupu. Ila mvua ikishakata mwezi wa nne au wa tano ndo hairudi mpaka kwenye wa kumi na moja, na katikati hapo nchi inakauka kidogo kidogo, ikifika Septemba na Oktoba mchana nyuzi 32, 33 sio ajabu, upepo mkavu, vumbi, moshi wa watu wanaochoma mapori, midomo inapasuka. Na sio kama joto la Dar lile la kulowana shati, hapa jasho linakauka kabla hujaliona, sasa mtu mzima anaishiwa maji mwilini na wala hana habari.

Mpwa wangu aliwahi kuishi Marekani, jimbo la Arizona, mji unaitwa Yuma, jangwa kabisa na mpaka wa Mexico upo pale pale. Anasema wastaafu wanamiminika huko kutoka majimbo ya baridi, wanakuja kwenye Novemba, ikifika Aprili wengi wameshafunga virago kwa sababu kiangazi cha kule hakikaliki, na wakiwa pale wanavuka mpaka hadi kijiji cha Los Algodones kung'oa meno na kununua dawa maana upande wa Mexico ni rahisi. Nilimwelewa vizuri sana. Wale wazee wamejua mwezi gani mbaya na dawa zao zinatoka wapi, ndo wakapanga maisha. Sisi hatuna pa kukimbilia Aprili, tukija tumekuja mazima, kwa hiyo haya maswali mawili lazima uyajibu kabla ya kulipia kiwanja.

Sasa nyumba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi za mkupuo, zile unazolipwa mara moja ukistaafu, zinapopotelea. Mimi nilikuja na ramani niliyochorewa Dar, sebule ina madirisha makubwa ya vioo yanaangalia magharibi, fundi akaijenga kama ilivyo na mimi nikafurahi. Mwaka wa kwanza kuanzia saa tisa mchana mpaka saa kumi na mbili sebule ile hakai mtu, jua linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kochi, mke wangu presha ilikuwa inampanda humo humo ndani. Nikaja kuziba dirisha moja na kuongeza baraza, gharama mara mbili. Kwa hiyo simama kwenye kiwanja chako na fundi, mwonyeshe jua linapochomoza na linapozama, mwambie kuta ndefu na madirisha yaangalie kaskazini na kusini, upande wa magharibi weka stoo, choo, jiko, vitu visivyokaliwa mchana. Paa litokeze nje ya ukuta hata mita moja, na baraza ukiweza izunguke pande mbili. Bati chukua rangi nyepesi, nyeupe au krimu, yale mekundu ya kuiva na meusi yanapendeza kwenye picha ila yanabeba moto. Dari weka, usiache bati tupu, na acha matundu ya kutolea hewa ya moto pale juu darini, uyafunge kwa wavu mdogo maana popo wa huku hawachelewi kuhamia.

Ukipata nafasi nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, pale kuna tembe lililojengwa upya mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Nenda saa nane mchana jua linawaka, ingia ndani, ukuta mnene wa udongo na paa la udongo, utaona tofauti mwenyewe ukishika ukuta. Wazee wa Kinyamwezi walijua wanachofanya. Sikwambii ujenge tembe, nakwambia tofali za udongo za kuchoma zilizopangwa ukuta mnene zina faida kuliko bloku nyembamba, na sakafu ya saruji laini inapoza miguu kuliko zulia.

Na mchwa. Mbao zote za paa na milango piga dawa kabla hazijapanda juu, sio baada. Huku mchwa akikuta mbao kavu isiyo na dawa miaka mitatu haifiki.

Maji ya bomba yapo, na tangu maji ya Ziwa Victoria yavutwe mpaka huku hali sio ile ya zamani ya kutegemea bwawa la Igombe peke yake, ila mstaafu asitegemee bomba tu, likikatika wiki moja Oktoba nani atakubebea ndoo? Vuna mvua. Hesabu yake nyepesi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya mwaka tuseme milimita 900, hapo ni lita 90,000, toa zinazomwagika na kupotea chukua hata 70,000. Watu wawili wakitumia lita 100 kwa siku, miezi sita ya ukame ni lita 18,000 tu. Kwa hiyo paa linatosha na kubaki, shida ni pa kuyaweka, simtanki mbili za lita 5,000 na kisima cha saruji cha chini ya ardhi utakuwa umefika. Mvua ya kwanza ya Novemba usiiingize, iache ioshe paa lile vumbi na kinyesi cha ndege, ya pili ndo ufungulie.

Afya. Mtu wa miaka 60 na kwenda juu kiu yake inapungua, kwa hiyo usisubiri kiu, weka mtungi wa udongo barazani na kikombe juu, kila ukipita unakunywa. Mtungi unapoza maji vizuri bila friji. Kama unatumia vile vidonge vya presha vinavyokufanya ukojoe sana mwambie daktari kwamba unahamia sehemu ya joto kavu, akuangalizie dozi. Kazi za nje zifanye kabla ya saa nne asubuhi, saa sita mpaka saa kumi uko kivulini. Wenye sukari wanaotumia insulini, chupa ambayo hujaifungua inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, ile unayoitumia isizidi nyuzi 30, na umeme ukikatika weka chupa kwenye chungu kidogo, kiingize ndani ya chungu kikubwa, katikati ya vyungu jaza mchanga uliolowa, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo, hiyo chupa yako unayotumia itakaa salama humo mpaka umeme urudi. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete, ipo mjini. Kwa magonjwa makubwa watu wanapelekwa Bugando Mwanza au Benjamin Mkapa Dodoma, kwa hiyo nauli ya dharura ya watu wawili, wewe na msindikizaji, iwe pembeni siku zote. Bima ya afya hakikisha inasoma kabla hujaondoka kazini, usije kugundua dirishani. Mvua zikianza ni chandarua kila usiku, malaria ya huku haina utani.

Usafiri sina maneno mengi, reli imefika hapa tangu 1912 na ndipo inapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, lami ipo mpaka Dar kupitia Itigi, watoto wakitaka kuja wanakuja.

Kiwanja chukua kilichopimwa, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya manispaa uangalie jina lililopo ndo la huyo anayekuuzia, na majirani wa pande zote nne uwaulize kwa mdomo wako. Karatasi ya serikali ya mtaa peke yake usiiamini.

Kuhusu pesa, mkupuo unakuja mara moja, pensheni ya mwezi ndo maisha yako, kwa hiyo nyumba ikamilike kwa sehemu tu ya mkupuo, ijengwe ndogo. Na tafadhali, atakayekushawishi ulime tumbaku mkatalie. Ni zao la vijana wenye mgongo, linataka kuni nyingi na mikopo ya pembejeo, mzee wa 60 linakumaliza. Nyuki ndo kazi ya mzee. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima kwa sababu ya miombo yetu, na hapa hapa mjini kuna chuo cha ufugaji nyuki, nenda ukajifunze. Anza na mizinga kumi, sio mia. Ongea na serikali ya kijiji mahali pa kutundika, kama ni msitu wa hifadhi fuata kibali, usijifanye mjanja. Kwenye kiangazi wawekee beseni la maji lenye vijiti vya kutulia wasizame, nyuki wakikosa maji wanahama wote.

Watu wa huku ni wakarimu ila wanataka uwasalimie kwanza. Ukimkuta mama wa Kinyamwezi asubuhi mwambie mwangaluka mayo, utaona uso unavyofunguka. Jitambulishe kwa mjumbe wiki ya kwanza, na msiba wa mtaa usikose hata mmoja, hata kama humjui marehemu, kaa kwenye mkeka na wazee wenzako. Mke wangu alipolazwa Kitete siku kumi na moja, watu niliokaa nao misibani ndo walileta uji kila asubuhi, watoto wetu walikuwa mbali.

Na kama umeshakaa huo mwezi wa kumi ukaona unaweza, basi kitu cha kwanza kuweka kwenye kiwanja sio msingi, ni miembe. Panda miwili upande wa magharibi, mita nane kutoka ukuta utakapokuja, mwanzoni mwa mvua, miaka miwili mitatu kabla hujastaafu. Mlipe kijana wa jirani aimwagilie kiangazi cha kwanza na cha pili, chupa ya lita tano iliyotobolewa chini ifukiwe kando ya mche aijaze kila baada ya siku tatu, na azungushie miiba mbuzi wasifike.