Kabla ya kwenda kwa GP Uingereza: mambo ya kuandaa ukiwa nyumbani

Ukifika Uingereza na kupata pa kukaa, jiandikishe kwa daktari wa familia, yule ambaye huku kila mtu humwita GP, kabla hujaumwa. Kujiandikisha ni bure. Pasipoti, kibali cha kuishi au bili ya umeme ukiwa navyo toa, lakini kuvikosa si sababu ya kukataliwa. Angalia tu majina yako na tarehe ya kuzaliwa viandikwe kama vilivyo kwenye karatasi zako za uhamiaji. Wako waliopitia kambini wakaandikiwa 1 Januari. Basi hiyo ndiyo utakayoulizwa kila ukipiga simu, si ile aliyokuambia mama.

Kliniki nyingi hufungua simu saa mbili kamili asubuhi, na nafasi za siku hiyo huisha upesi. Nyingi pia zina fomu ya kujaza kwenye tovuti, ambayo kwa anayejifunza Kiingereza ni afadhali, maana unaandika taratibu na kamusi iko pembeni. Anayepokea simu atakuuliza unaumwa nini. Wengi wetu hukasirika hapo: karani anataka nini na ugonjwa wangu? Anauliza ili ajue akupeleke kwa daktari, kwa muuguzi au kwa mfamasia, na siri ya mgonjwa inamfunga yeye kama inavyomfunga daktari. Kama ni la aibu, sema "It's private" (ni jambo la siri). Ukipewa saa, iandike kwa tarakimu. "Half ten" ni saa nne na nusu asubuhi; ukisikia "ten" ukaiweka saa kumi ya kwetu, utafika alasiri nafasi imeshapita.

Mkalimani aombwe siku hiyo hiyo ya kuomba nafasi, si siku ya kufika. Hulipi kitu. Sema "I need a Swahili interpreter, please", na anayetoka Bukavu au Lubumbashi aseme wazi kuwa ni Kiswahili cha Kongo, la sivyo ataletewa mtu wa Mombasa na wote wawili watahangaika. Omba na muda uongezwe, kwa sababu kila jambo litasemwa mara mbili.

Usimtumie mtoto. Najua yeye ndiye anayekijua Kiingereza kuliko nyumba nzima, na barua zote za halmashauri anazisoma yeye. Lakini mama hatamweleza daktari habari za hedhi kupitia kinywa cha kijana wake wa miaka 12. Atazipunguza au atazificha, na daktari atatibu kisichokuwepo. Mtoto naye hapaswi kuwa wa kwanza kusikia kwamba mama ana uvimbe. Kuna wanaomkimbia mkalimani kwa sababu Waswahili wa mji mmoja wanajuana, na hofu hiyo naielewa. Omba mkalimani wa simu. Huenda yuko mji mwingine kabisa, na uso wako haoni. Mwanamke anayetaka daktari wa kike aseme mapema vilevile.

Sasa lile lenyewe. Muda wa kawaida mbele ya daktari ni kama dakika 10. Kwetu mtu mwenye adabu haanzi na shida. Anaanza na salamu, anataja mafua na uchovu, na lililomleta hasa analitoa akiwa ameshika kitasa cha mlango. Kwa GP adabu hii inakuponza. La kwanza kutamka liwe lile linalokunyima usingizi, hata kama ni la sehemu za siri, hata kama ni huzuni isiyo na jina.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, andika kwa Kiswahili: panauma wapi, tangu lini, kunazidi wakati gani, kunapungua ukifanya nini, umekwisha kutumia dawa gani. Kisha geuza sentensi tatu tu za juu kwa Kiingereza, kwa mfano "It started two weeks ago" (ilianza wiki mbili zilizopita). Mahali penyewe paonyeshe kwa kidole, kwa sababu mguu wetu unaanzia nyongani hadi kwenye vidole, na Kiingereza huugawa "leg" na "foot". Na anayekohoa asiseme "chest pain" (maumivu ya kifua) akidhani ametafsiri "nina kifua". Watahangaikia moyo wake.

Dawa zote unazotumia zitie kwenye mfuko uende nazo, pamoja na mwarobaini, unga wa mlonge na ile chupa uliyoletewa kutoka nyumbani. Daktari hatakucheka, na kuna mitishamba inayogombana na vidonge. Mwenye sukari au presha anayefunga Ramadhani aende wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Homa baada ya safari ya nyumbani haingojei nafasi ya wiki ijayo, hata kama umerudi miezi kadhaa iliyopita. Taja nchi uliyotoka na utaje malaria mwenyewe, kwani daktari wa huku hana sababu ya kuiwaza asipoambiwa. Kliniki ikiwa imefunga, England, Scotland na Wales piga 111, simu ya ushauri wa afya, siku hiyo hiyo. Hapo nako useme "Swahili" utafutiwe mkalimani. Maumivu makali ya kifua au kushindwa kupumua ni 999, namba ya dharura.

Mkiwa ndani, usiitikie "yes" kwa heshima tu. Sema "Can you write it down, please?" (niandikie, tafadhali). Na usiende ukitarajia sindano au antibaiotiki. Kwa mafua utaambiwa upumzike na unywe paracetamol, na hiyo si dharau.

Dawa ukiandikiwa, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hulipii. England kila dawa hulipiwa bei moja iliyowekwa na serikali, ambayo Mei 2024 ilipandishwa hadi pauni 9.90, ingawa watoto, wajawazito na waliofika miaka 60 hawalipi. Mwenye kipato kidogo ajaze mapema fomu ya HC1, ya kuomba msaada wa gharama hizo. Majibu yasipokuwa yamefika na ikabidi ulipe, omba risiti ya FP57 hapo hapo dukani, kwani ukishatoka haitolewi tena, na bila hiyo pesa hazirudi.