Jinsi ya kupima adapta ya hedifoni ya Type-C kabla hujaliwa hela

Wakuu, simu nyingi za siku hizi tundu la hedifoni hamna tena, tumebaki na hizi adapta za Type-C zenye kitundu cha 3.5 mm mwishoni, na ukiziulizia pale Mwanga, hapa Kigoma, utaoneshwa za kila bei na kila muuzaji anakwambia yake ndo orijino. Mimi nilishauziwa moja, boksi limeandikwa Hi-Res (eti sauti ya ubora wa juu) kwa maandishi ya dhahabu kabisa, nafika nyumbani Ujiji nachomeka, simu kimya, haiioni hata kidogo. Toka siku hiyo sinunui bila kupima, na kupima kwenyewe wala sio kazi ya maabara, laptop na mita ya kupimia volti ya kuazima kwa fundi redio vinatosha.

Kwanza jua kama ndani kuna chipu. Adapta zipo za aina mbili, kuna ambayo ni waya mtupu, inategemea simu yenyewe ndo itoe sauti tayari kupitia Type-C na simu nyingi hazifanyi hivyo, na kuna yenye DAC, yaani kichipu kinachogeuza namba za muziki kuwa umeme wa kusukuma hedifoni. Chomeka adapta kwenye laptop pamoja na hedifoni yako, fungua sehemu ya sauti, ikiwa na chipu litatokea jina jipya kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Lisipotokea hapo ni waya tu au ni mbovu, mrudishie mwenyewe. Ndo maana naenda na laptop dukani, wacha wacheke.

Sasa tengeneza sauti za kupimia. Shusha Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure, tengeneza toni ya sine (mlio mmoja mtupu usiobadilika) ya 200 Hz, amplitudo weka 1, sekunde 60 hivi, halafu tengeneza na faili lingine la kimya kitupu la dakika mbili. Yote yahifadhi kama WAV, sio MP3. Kwenye simu au laptop zima ekwalaiza na madoido yote ya kuongeza besi maana ukiyaacha unapima hayo, hupimi adapta. Na toni ikiwa inapiga kwa volyumu ya mwisho usivae hedifoni, sikio halina spea.

Hapa kwenye mita ndo wengi wanakwama. Ile mita ndogo ya njano ya bei chee, upande wa AC (umeme wa kwenda na kurudi, kama wa sauti) inaanzia 200 V, sasa wewe unatafuta volti moja hivi, itakupa namba ya kubahatisha tu. Tafuta yenye AC ya 2 V. Na kwa nini 200 Hz? Kwa sababu mita nyingi za kawaida zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani ambao kwetu ni 50 Hz, ukizipa 1,000 Hz nyingine zinadanganya. Chukua waya wa hedifoni iliyokufa upande mmoja, kata, utakuta nyuzi za rangi rangi, mara nyingi nyekundu ni kulia, ya kijani au bluu ni kushoto na ya shaba ni ya ardhi. Nyuzi hizo zimepakwa rangi inayozuia umeme kwa hiyo zichome kidogo na kiberiti kwanza, mimi nilipoteza nusu saa nzima nikidhani adapta imekufa kumbe rangi tu.

Chomeka waya huo kwenye adapta, piga ile toni, volyumu juu kabisa, soma kati ya ardhi na kushoto, kisha ardhi na kulia. Pande mbili zikipishana sana waimbaji watakuwa wanaegemea sikio moja. Kwa kulinganisha, ile adapta ndogo ya Apple ya Marekani inatoa karibu 1 V, na ile ya Ulaya inatoa karibu nusu yake, kwa hiyo mtu akikwambia "ni Apple hii" bado muulize ya wapi. Halafu hiyo ya Apple kwenye simu kadhaa za Android inatoa sauti ndogo kuliko ikiwa kwenye laptop, tatizo sio masikio yako.

Ukishapata hiyo namba, ongeza resista (kijidude cha kukinza umeme) ya 33 ohm kati ya waya wa kushoto na wa ardhi, soma tena. Ukizidisha 33 kwa (namba ya kwanza gawanya kwa ya pili, toa 1) unapata ukinzani wa adapta yenyewe. Mfano kutoka 1.00 V ikashuka 0.97 V, hiyo ni kama ohm 1, safi sana. Ikishuka mpaka 0.77 V hiyo ni karibu ohm 10 na hapo kuna shida, maana hedifoni nyingi, hasa zile ndogo za kuingia ndani ya sikio zenye spika kadhaa, ukinzani wake unapanda na kushuka kufuatana na besi au treble, basi adapta yenye ohm nyingi inabadilisha ladha ya muziki bila wewe kugusa ekwalaiza. Watu hutumia kanuni ya moja ya nane, hedifoni ya 16 ohm itafutie adapta isiyozidi 2 ohm.

Mchuruziko, ule mlio wa "shhh", usiupime sokoni wala Kibirizi kwenye mainjini ya boti, subiri usiku. Piga lile faili la kimya (lazima lipigwe, maana adapta nyingi zinajizima kukiwa hakuna kinachocheza) kwa hedifoni yako inayopaza sauti kirahisi kuliko zote. Sikiliza ukiwa na data, kisha weka airplane mode. Ukisikia mkwaruzo wa "trrr trrr" unaopotea kwenye airplane, adapta haijakingwa vizuri na mawimbi ya simu, na mtandao ukiwa dhaifu ndo mbaya zaidi kwa sababu simu inatuma kwa nguvu. Laptop ikiwa kwenye chaji ukasikia muungurumo, chomoa chaja kwanza kabla hujailaumu adapta.

Zipo programu kama REW, za bure, zinazochora grafu, lakini ukirudisha sauti kupitia tundu la maiki la laptop ya kawaida utakuwa unapima ubovu wa laptop, mimi niliacha.

Kusikiliza sasa. Sikio linapenda kinachopiga juu zaidi, kwa hiyo kabla hujalinganisha adapta mbili zisawazishe kwa mita na ile toni, zisipishane zaidi ya 1%. Kisha mpe mdogo wako abadilishe wewe umefumba macho, mara 10, kwa rumba unalolijua gitaa lake lote. Ukipatia 9 kwenda juu hiyo tofauti ipo kweli, kwa kubahatisha inatokea kama mara 1 kati ya 100.

Mimi kati ya adapta yangu ya bei mbaya na ya bei poa nilipata 5, dogo alicheka mpaka akakaa chini. Ile ya bei mbaya sijaiuza lakini, inatoa 2 V na nina hedifoni kubwa ya 250 ohm ambayo kwa 1 V inanong'ona tu.