Paipu ya breki inapita karibu na egzosi? Weka bati, usiizungushie kitu

Juzi nilibadilisha egzosi, mpya ikakaa karibu mno na paipu ya breki, kama upana wa kidole hivi, nikishuka mlima mrefu pedeli ya breki inakuwa laini, maana joto linachemsha oili ya breki iliyo ndani ya paipu. Kilichonisaidia ni kipande cha bati la aluminiamu (mimi nilikata mfuniko wa sufuria chakavu, msiniulize mwenye sufuria alisema nini) nikakifunga kwenye bodi kwa bolti na washa, kikae katikati ya egzosi na paipu bila kugusa chochote, acha nafasi kama sentimita moja kila upande. Upande unaong'aa uelekee egzosi, unarudisha joto, na ile hewa ya katikati ndo inafanya kazi kubwa, kwa hiyo ukilibana bati likagusa paipu umeharibu, aluminiamu inapitisha joto haraka sana. Kuzungushia paipu kitambaa nako sishauri, kinashika maji na tope, paipu inaoza kutu ndani huoni.

Haitasaidia kama egzosi inavuja pale kwenye jointi, ule moshi wa moto ukipuliza paipu bati ni bure, ziba kwanza. Pia oili ya breki ikiwa ya zamani imeshanyonya unyevu, DOT 3 (aina ya oili ya breki) mpya inachemka nyuzi 205 ila ikishanyonya inashuka mpaka kama 140, hapo badilisha oili. Na kama kinachopita karibu na egzosi ni ile hozi ya breki ya mpira, si paipu ya chuma, isogeze tu mbali.