Asbesto: mambo ya kufanya kabla hujabomoa jengo la zamani

Somo hili ni kwa mafundi, wasimamizi na wenye nyumba wanaojiandaa kukarabati au kubomoa. Ukitaja asbesto, swali la kwanza huwa ni barakoa. Mimi barakoa naiweka mwisho. Kazi hii hunyooka au huharibika kabla nyundo haijaguswa.

Asbesto ni madini yanayochanika kuwa nyuzi. Yako ya aina 6, ila majengoni utakutana zaidi na tatu: krisotili (nyeupe), amositi (ya kahawia) na krosidoliti (ya bluu). Rangi hizo zisikudanganye, maana zikishachanganywa na saruji au kupakwa rangi huzitambui kwa macho. Nyuzi zikiruka hazionekani, huelea hewani kwa saa nyingi, na zikifika ndani ya mapafu mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Matokeo yake ni asbestosisi (makovu ya mapafu), saratani ya mapafu, na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Kwa hiyo kijana anayevunja paa leo hatakohoa jioni, na ndiyo sababu hakusikilizi ukimkataza.

Hatua ya 1: Uliza jengo lina umri gani

Tafuta mwaka ambao nchi yako ilipiga marufuku asbesto. Uingereza ni 1999, Umoja wa Ulaya wote 2005, Afrika Kusini 2008, na Marekani ilifunga mlango wa krisotili mwaka 2024. Jengo lililotangulia mwaka huo lichukulie kuwa lina asbesto hadi maabara iseme vinginevyo.

Usiishie kwenye paa. Angalia mabomba ya maji machafu, matangi ya zamani, mbao za dari, vigae vya sakafu pamoja na gundi nyeusi iliyo chini yake, kamba ya mlango wa boila (mtambo wa kuchemshia maji), ubao nyuma ya sanduku la fyuzi, na zaidi ya yote yale manyoya au plasta ya kuzuia joto iliyofungiwa kwenye mabomba ya maji moto. Kwangu hayo ya mwisho ndiyo ya kuogopwa kuliko yote.

Hatua ya 2: Peleka sampuli maabara

Ni afadhali achukue mkaguzi aliyesomea. Ukimtazama anavyofanya utajua kama anaijua kazi. Huzima feni, hutandika nailoni chini, hulowesha mahali pale kwa maji yenye tone la sabuni (maji matupu huteleza juu bila kupenya), kisha hubandua kipande kidogo kama sarafu kwa patasi, polepole. Kipande huingia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na lebo juu. Kabla hajaondoka huziba tundu kwa tepu na kupangusa kwa tambara bichi. Anayepiga nyundo kavu na kuondoka, usimlipe.

Hatua ya 3: Toa taarifa

Mkataba wa 162 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1986, unataka ubomoaji wa namna hii ufanywe na waajiri waliotambuliwa na mamlaka kuwa wana sifa, tena kwa mpango wa kazi ulioandikwa. Nchi nyingi zimejenga sheria zao juu ya wazo hilo. Marekani, kwa mfano, hutaka taarifa ya maandishi siku 10 za kazi kabla ya kubomoa majengo yanayoguswa na kanuni zake za asbesto. Kiwango cha juu anachoruhusiwa mfanyakazi kuvuta kule ni nyuzi 0.1 kwa kila sentimita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Hicho ni kikomo cha kisheria. Usikisome kama kiwango salama.

Hatua ya 4: Jipime

Bati la saruji la asbesto ni gumu, na nyuzi zake zimeshikwa. Likilowa na kutolewa zima, fundi aliyefunzwa analimudu pale sheria inaporuhusu. Lakini manyoya ya mabomba, plasta iliyopuliziwa na mbao laini za dari hukatika kwa vidole. Ukikutana nazo, funga mlango na umwite mkandarasi mwenye leseni. Hapo hakuna ujanja.

Hatua ya 5: Kutoa mabati ya saruji

Vaa ovaroli na barakoa (aina yake iko kwenye maswali mwishoni). Ondoa watu, zungushia eneo utepe, tandika nailoni nzito chini. Usipande juu ya bati: lililozeeka hupasuka chini ya mguu, na wengi wamekufa kwa kuanguka kabla asbesto yenyewe haijawagusa. Fanyia kazi kwenye jukwaa.

Lowesha kwa bomba la mgongoni lenye mpulizo mdogo. Kisha njoo kwenye bolti. Hapa ndipo haraka inapoharibu: bolti imeshika kutu, fundi anakasirika, anatia mtarimbo chini ya bati na kung'oa. Bati linapasuka na vumbi linapaa. Mwagia maji kuzunguka kichwa cha bolti, kikate kwa koleo kubwa la kukatia, kisha watu wawili mnyanyue bati kwa pamoja na kulishusha kwa mikono. Halirushwi. Grainda na msumeno wa umeme viache stoo.

Hatua ya 6: Kutoka

Pangusa ovaroli kwa tambara bichi, livue ukilikunja ndani-nje, liingie kwenye mfuko wa taka moja kwa moja. Barakoa ivuliwe ya mwisho. Kisha oga. Nguo za kazi zisifike nyumbani: wapo wake waliougua mesothelioma kwa kufua tu nguo za waume zao.

Hatua ya 7: Taka

Mabati mazima yafungwe kwa nailoni, vipande viingie mifuko miwili, vyote viandikwe ASBESTO, vipelekwe dampo lililoruhusiwa. Omba risiti.

Maswali

Swali: Paa langu ni zima, halina ufa. Nilitoe?

Jibu: Liache. Likiwa zima halikusumbui sana. Usilitoboe, usilioshe kwa mashine ya maji ya nguvu, likague kila mwaka, na andika mahali kwamba lipo ili fundi ajaye ajue.

Swali: Fundi, mimi nimeshakata mabati mawili kwa grainda, sikujua. Nimekwisha?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Hatari huongezeka kadiri unavyovuta nyingi na kwa muda mrefu, siku moja si sawa na miaka kumi. Lakini simamisha kazi sasa hivi. Usifagie, na usitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi kwa sababu huzitema nyuzi upande wa pili. Lowesha, funga eneo, ita wenye leseni. Andika tarehe, siku ukienda kwa daktari umwambie. Na kama unavuta sigara, acha: sigara na asbesto pamoja huzidisha sana hatari ya saratani ya mapafu.

Swali: Barakoa ya hospitali je?

Jibu: Haifai, wala kitambaa. Inatakiwa FFP3 au P100 (madaraja ya barakoa zinazochuja vumbi laini kabisa), iliyopimwa usoni mwako. Mwenye ndevu anyoe, la sivyo hewa hupita pembeni.

Swali: Wazee wetu waliishi chini ya mabati hayo miaka yote na hawakuugua. Si mnatutisha?

Jibu: Kuishi chini yake ni jambo moja, kulivunja ni jingine. Wazee hawakulikata. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya 200,000 kwa mwaka kutokana na asbesto ya kazini tu.

Swali: Kifusi chake naweza kukisaga nikajazia njia? Au nichome?

Jibu: Kusaga ni kutengeneza vumbi kwa makusudi, na kila gari litakalopita litaendelea kulisaga. Moto nao hauiunguzi asbesto; bati hupasuka kwa mshindo na kutawanya vipande.

Swali: Basi yaliyo mazima niyaezekee banda la kuku?

Jibu: Hapana. Utayatoboa upya kwa misumari, na nchi nyingi zimekataza kuyatumia tena. Yafunge yaende dampo.