Kumfundisha tanga mtu aliyekwishajua kidogo, kusi ikivuma

Juma lililopita nimemaliza kumfundisha mtoto wa ndugu yangu kuendesha ngalawa upande wa ndani wa mwamba wa bahari, tukitokea ufuo wa Kenyatta, Mombasa. Kushika kana, yaani mkono wa usukani, alishajua; kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, alishajua. Mwanafunzi wa namna hii hunitia hofu kuliko asiyejua kitu. Asiyejua hukutazama wewe. Huyu hutazama tanga lake tu, na mvua ya kusi, yenye upepo wa ghafla, humjia kisogoni.

Hatua ya 1: Maji kwanza. Fungua jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini, bandari ya Mombasa. Siku za bamvua, kupwa na kujaa kukiwa kukubwa, maji hukauka kwenye saa nne au tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kwa somo subiri maji mafu, kupwa na kujaa kukiwa kudogo, asubuhi kuwe na kina.

Hatua ya 2: Toka mapema. Kusi ya Juni na Julai huzidi jua likipanda. Jaketi ya kuokolea kila mtu avae, na pondo, mti wa kusukumia chombo, iwe chomboni.

Hatua ya 3: Afundishwe kutua tanga kabla ya lolote lingine. Hapa usiwe na haraka.

Mwaka jana henza yangu, kamba ya kupandishia na kushushia tanga, ilikuwa ya katani, nami niliifunga mafundo mawili. Ilikuwa bamvua, maji yanatoka. Mvua ikatujia kutoka upande wa Likoni, kamba ikalowa, ikavimba, fundo likawa kama jiwe. "Ami, haifunguki!" akalia kijana niliyekuwa naye. Nilishika kisu nikaghairi, maana foromali, boriti inayobeba tanga, ingemwangukia kichwani. Tukakimbizwa kaskazini na tanga zima juu mpaka tukapanda juu ya mwani, tukakaa pale tangu saa tatu hadi saa saba kungoja maji yarudi.

Tangu siku hiyo henza yangu ni ya nailoni nene, na nimfundishaye simruhusu fundo lolote ila lile linaloachia kwa kuvutwa ncha mara moja. Katani haivimbi siku ya jua, ndiyo maana watu wanaiamini. Demani, kamba ya kukazia na kulegezea tanga, ni jambo jingine: napenda ya pamba, haikati kiganja, na haifungwi kamwe. Hushikwa mkononi.

Mpangilio ni huu. Elekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo. Legeza demani mpaka tanga lipigepige. Ndipo uachie henza. Ukianza na henza tanga likiwa limejaa, foromali hubanwa kwenye mlingoti na haishuki, hata mvutane watu wawili. Anayetua asimame upande wa joshi, unakotoka upepo, kwa kuwa tanga huangukia upande wa pili, upepo uendako. Mwingine alikusanye ndani upesi; likiingia majini huteka maji na ngalawa hulalia rengu moja, ule mti wa ubavuni. Na kabla ya kutoka, tazama henza isikanyagwe na mtu wala isijisokote miguuni.

Sisi tulifanya mara kumi mchangani, mara kumi majini kwa upepo mwanana, kisha nikawa napiga kelele "Tua!" bila kumtahadharisha, hata akiwa katikati ya hadithi. Alipoweza kutua huku macho kafumba ndipo nikaridhika.

Hatua ya 4: Asome upande wa upepo. Kila akimaliza kubisha, ageuke atazame kusini. Wingu jeusi lenye pindo la chini lililonyooka, maji chini yake yamekuwa meusi na povu linaruka, halafu ghafla upepo wa hapo ulipo unakufa na hewa inakuwa baridi: hapo tanga linatuliwa. Wengi huona upepo umekufa wakakaza demani ili waupate tena. Mwulize kila mara, "Mwanangu, unaona nini kule?" na usimjibie.

Hatua ya 5: Mwachie chombo, ukae mbele kimya. Wingu la kwanza alilotua mwenyewe, mtoto wa ndugu yangu alitua mapema mno, na mvua ikapita mbali nasi. Nilimwambia amefanya sawasawa, tukatweka tena.