Namna ya Kuingiza Bima ya Afya ya Watoto katika Hesabu ya Matunzo

Nchini Marekani kila jimbo lina mwongozo wake wa kukokotoa matunzo ya watoto ambao wazazi wao hawaishi pamoja, na mwongozo huo hauna budi kueleza jinsi afya ya watoto itakavyogharimiwa. Hesabu nyingi huharibika mwanzoni kabisa, pale mzazi anapojaza kwenye fomu kiasi chote anachokatwa mshaharani kwa ajili ya bima, ilhali kinachotakiwa ni sehemu ya watoto peke yake.

Kwa hiyo, mwombe mwajiri akupe maandishi yanayoonyesha makato ya mfanyakazi akiwa peke yake na makato yake akiwa na familia, kwani tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo gharama ya wategemezi. Sehemu anayochangia mwajiri haihesabiwi. Iwapo bima inamhudumia pia mwenzi mpya, baadhi ya majimbo huigawa tofauti hiyo kwa idadi ya wategemezi wote. Tuseme baba anakatwa dola 210 zaidi kwa mwezi kwa ajili ya mke mpya na watoto wawili wanaohusika na shauri: kila mtegemezi hugharimu 70, hivyo gharama ya watoto ni 140.

Majimbo mengi huunganisha vipato vya wazazi na kugawana gharama kwa uwiano. Mama anayeishi na watoto na kupata dola 2,000, na baba anayepata 3,000, watabeba asilimia 40 na 60. Tukichukulia kwamba matunzo ya msingi, yaani kabla ya kuongeza bima, ni 900, tunaongeza 140 na kupata 1,040, ambapo fungu la baba ni 624. Kwa kuwa yeye ndiye anayelipa bima, zile 140 hutolewa, naye humpa mama 484. Lau bima ingelipwa na mama kwa gharama hiyohiyo, baba angempa 624 kamili. Wapo wanaoliona punguzo hilo kuwa upendeleo, lakini kwa njia zote mbili baba amebeba 624 na mama 416.

Texas hufanya tofauti: huangalia kipato cha mlipaji tu, na gharama ya bima ya mtoto huondolewa kabla ya asilimia ya matunzo kukokotolewa.

Bima yenyewe isiwe ghali kupita kiasi. Kanuni za shirikisho huikubali ikiwa haizidi asilimia 5 ya kipato ghafi (kabla ya makato) cha mzazi anayeilipa, ingawa jimbo laweza kuweka kipimo chake. Gharama ambazo bima haizilipi, kama vile sehemu ya malipo ya daktari, kwa kawaida hugawanywa kando kwa uwiano uleule, kwa hiyo tunza risiti.

Makato ya bima yakipanda, usijipunguzie matunzo kwa uamuzi wako, kwa maana amri ya mahakama haibadiliki yenyewe; peleka maandishi mapya ya mwajiri mahakamani au kwenye ofisi ya matunzo ya jimbo na uombe marekebisho.