Kabla hujalipia bima ya boda, bajaji au gari ya abiria, angalia haya kwanza

Kama unaendesha boda, bajaji, hiace au teksi mtandao, vishoka wa bima wanakutafuta wewe kuliko mtu yeyote. Wanajua kampuni nyingi zikisikia chombo kinabeba abiria na unataka bima kubwa, ile inayolipia mpaka chombo chako, zinapandisha bei au zinakuzungusha, hasa kama kimeshapata ajali mara mbili tatu, na wanajua huna muda wa kwenda kukaa ofisini wakati hesabu ya bosi inakusubiri jioni. Kwa hiyo anakufuata mwenyewe kijiweni, anakwambia "mimi nina mtu wangu ndani, dakika tano umepata", na wewe kwa sababu umeshazungushwa sehemu mbili unaona huyu ndo mkombozi.

Mdogo wangu aliingia hivyo hivyo, Mbagala, Dar es Salaam, na bajaji yake. Jamaa alikuja na simu tu, akapiga picha kadi ya bajaji, hela ikaenda kwenye namba yake binafsi, muda si mrefu PDF ikaingia WhatsApp ina nembo ya kampuni, ina namba ya stika, kila kitu. Dogo akakaa nayo miezi minne bila shida, mpaka siku aliyomgonga mama mmoja mguuni pale Zakhem, tumefika kituoni askari anaingiza namba ya bajaji kwenye mfumo, hamna kitu. Hamna kabisa. Usiku ule nikaikuza ile PDF kwenye simu nikaona namba ya usajili ina wino mzito kuliko maneno mengine kwenye mstari ule ule, yaani ilikuwa kava noti, ile hati ya bima, ya mtu mwingine imefutwa namba ikaandikwa ya kwetu. Matibabu ya yule mama tulilipa sisi.

Sasa, kitu cha kwanza kabla hata hujamtafuta wa kukukatia, jua chombo chako kinaingia kundi gani. Gari binafsi ni kundi moja, gari ya biashara inayobeba abiria ni kundi lingine, bajaji na pikipiki nazo zina makundi yake, na bei zinatofautiana. Hapa ndo penye mtego mbaya kuliko PDF ya kughushi, na watu hawauongelei sana. Kishoka anakukatia stika halali kabisa, ipo kwenye mfumo, trafiki akiangalia anaona iko sawa anakuruhusu, lakini kwenye matumizi kaandika "binafsi" ili bei ishuke na wewe umuone mtu wa maana, wakati wewe IST yako inabeba abiria kutwa nzima. Siku ya ajali kampuni inakuuliza ulikuwa umebeba nani, ulikuwa unaenda wapi, na ikijulikana ilikuwa safari ya biashara madai yako yanaingia kwenye mgogoro mkubwa na unaweza ukakosa kila kitu. Kwa hiyo ikija kava noti usiangalie tarehe tu, soma mstari wa matumizi, soma idadi ya viti, linganisha namba ya chasisi na kadi yako herufi kwa herufi.

Na hapo hapo kwenye kujaza fomu, akikushauri ufiche ajali za nyuma au useme gari inalala nyumbani wakati inapiga kazi usiku, mkatalie. Bima inasimama juu ya ukweli uliouandika, na ukidanganya, hata kama yeye ndo alikufundisha, anayebeba msalaba ni wewe maana sahihi ni yako.

Bei nayo inaongea. Mamlaka ya bima, TIRA, inaweka viwango vya chini vya bima za magari, kampuni haziwezi tu kuamua kushuka zinavyotaka. Ndo maana bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga, ya gari dogo binafsi watu wengi waliizoea kwa 118,000, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18 juu yake, ulikuwa unaenda huku unaenda kule unakuta ni ile ile. Mtu akikwambia ana "ofa" ya 70,000 kwa gari ya biashara, muulize hiyo ofa katoa nani, afu ondoka. Kuna wengine wanafanya kinyume, wanakuongezea hela wanasema ni ya "hatari kubwa" au ya kumpoza mtu wa ndani ili upitishwe. Hela halali ya bima inaonekana yote kwenye risiti ya kampuni, kama kuna elfu 30 pembeni isiyo na risiti hiyo imeenda mfukoni kwa mtu.

Kuhusu anayeuza, muulize leseni yake bila aibu. Kampuni, madalali na mawakala wa bima wote wanasajiliwa na TIRA, na wakala wa kweli hakasiriki ukimuuliza, atakwambia ni wakala wa kampuni gani na utapiga simu kwenye kampuni hiyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, sio aliyokupa yeye. Hela ipeleke kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni au la wakala aliyesajiliwa. Likitokea jina la mtu binafsi kabla hujaweka namba ya siri, simama hapo hapo, usikubali maneno ya "weka tu hapo mimi nitaipeleka". Na habari ya kulipa nusu leo nusu mwisho wa mwezi kwa maelewano ya mdomo nayo iangalie sana, kwa utaratibu wetu bima inaanza kufanya kazi ukishalipa, kwa hiyo unaweza ukawa unadhani una bima kumbe una ahadi.

Halafu hakiki kabla hujaachana naye. Stika za karatasi za kubandika kwenye kioo zilishaondolewa, sasa hivi ni za kielektroniki, na hiyo ni faida kwako kwa sababu unaweza kuangalia mwenyewe kwa simu. Andika mwenyewe tiramis.tira.go.tz, uingize namba ya usajili. Nasema andika mwenyewe kwa sababu linki aliyokutumia au msimbo wa kuskani ulioko kwenye PDF yake unaweza kukupeleka kwenye ukurasa aliotengeneza yeye. Akikwambia mfumo uko chini au "itasoma kesho", basi na hela yako ataipata kesho. Rudia tena baada ya wiki, maana bima iliyokatwa inaweza pia kufutwa, na ukipiga skrinishoti siku ya kwanza haikusaidii kama siku ya kumi imeshafutwa.

Wale wa mkataba, mnaoendesha chombo cha bosi, hapa nawaomba sana. Bosi akikwambia "bima iko ndani", usiishie hapo, ingiza namba ya bajaji au pikipiki yako uone bima inaisha lini, kwa sababu ukimgonga mtu anayewekwa ndani kwanza ni wewe uliyeshika usukani. Na ukumbuke bima ndogo inamlipa uliyemgonga, bajaji yenyewe haitengenezwi.

Ikitokea ajali kuna kundi lingine linakuja, linakufuata mpaka hospitali, linataka kukusimamia fidia kwa asilimia fulani na linaomba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kadi na kitambulisho original. Usiwape. Toa taarifa mwenyewe kwenye kampuni mapema, baki na nakala za kila karatasi, na kampuni ikikuzungusha kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ipo kisheria kwa ajili ya kesi kama hizo.

Na kama umeshapigwa tayari, kwanza kata bima halali leo hii kabla hujarudi barabarani, kisha uende polisi na TIRA ukiwa na ujumbe wa muamala, ile PDF, na namba ya simu ya jamaa. Usifute mazungumzo ya WhatsApp kwa hasira. Mdogo wangu alifuta, na tulipofika kituoni tulichokuwa nacho mkononi ni PDF peke yake.